Msimbo Mmoja, Tarehe Mbili

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua kompyuta kabla ya chai. Nesi Anna wa kituo cha afya amepiga tena. Kwenye tovuti, tarehe za kujifungua zimerudi nyuma siku moja. Nimemwambia nitarekebisha.

Hakuna mwingine wa kurekebisha. Ambakisye, niliyejenga naye mfumo huu wa kuwafuatilia wajawazito, yuko Dar tangu Januari. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba msimbo wa kukokotoa tarehe tuuandike mara moja, utumike kote: kwenye tovuti ya nesi na kwenye simu za wahudumu wa afya vijijini. Wazo zuri kwa watu wawili. Nimebaki mmoja.

Kampuni iliyomwajiri huko inanitaka na mimi. Wanasubiri jibu Jumatano ya wiki ijayo. Haya nitamwachia nani? Naichukia Kyela leo.

Jumanne, 25 Machi

Nimerekebisha. Mistari mitatu tu ya msimbo. Nimejaribu kwenye tovuti, tarehe zote sawa. Kwenye simu sikujaribu. Msimbo ni ule ule, nikajiambia. Nimetuma kote.

Ijumaa, 28 Machi

Mama Tusekile, mhudumu wa Ikombe, kijiji kinachofikiwa kwa mtumbwi tu, amepanda mlimani kutafuta mtandao, akanipigia. Salamu kwanza, ndefu. Kisha, kama habari ndogo tu, akasema Subila bado yupo kijijini, maana simu imesema atajifungua tarehe nne Mei. Daftari lake la mkono lilisema tarehe tano Aprili. Lakini simu inajua zaidi, akasema.

Subila mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji. Alitakiwa awe ameshavuka ziwa hadi Matema, anasubiri karibu na hospitali. Juzi alikuwa tayari na mzigo wake ufukweni. Akarudishwa akaendelee kufinyanga vyungu.

Nikasema, "Mama, fuata daftari." Mtandao ukakatika. Sijui kama alisikia.

Tano ya mwezi wa nne. Nne ya mwezi wa tano. Kompyuta inasoma siku kwanza, simu inasoma mwezi kwanza. Mistari yangu mitatu.

Jumamosi, 29 Machi

Marekebisho nimeyatuma tangu jana. Simu ya Ikombe haijayapokea. Napiga, haipatikani. Napiga tena.

Nimemweleza Nesi Anna kwamba kosa ni langu. Akauliza ni wajawazito wangapi simu imewageuzia tarehe. Watano. Wanne, wa vijiji vya Ngonga na Mwaya, tumewapata. Amebaki Subila.

Barabara ya Matema maji yamepita juu ya daraja. Magari hayaendi. Nazunguka chumba hiki: mlango, meza, dirisha. Mlango.

Ambakisye hakupokea simu. Baadaye akatuma ujumbe: ukigusa huku umegusa kule, nilikuambia. Ni kweli, aliniambia. Nimemchukia hata hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Sikwenda kanisani. Niliogopa mtu ataniuliza habari.

Jumatatu, 31 Machi

Maji yamepungua. Bodaboda hadi Matema, mahali pengine tukaisukuma kwenye tope. Wenye mitumbwi wakakataa, ziwa limechafuka. Saa saba mmoja akakubali. Nimetapika njiani.

Tumemkuta Subila ameegemea ukuta, uchungu umeanza tangu asubuhi. Siku ile kwenye simu Mama Tusekile alisikia neno moja tu: Mama. Akadhani namuaga.

Tukampakia kwenye mtumbwi ule ule. Alinishika mkono njia nzima, bila kujua mimi ni nani. Sikumwambia. Nilihesabu makasia ili nisifikiri.

Wamempasua mara tu tulipofika hospitali ya Matema. Mtoto wa kike. Wote wazima. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi Matema. Nimemweleza Subila kitandani, na Mama Tusekile akiwa pembeni, kosa lilikuwa nini na ni la nani. Subila aligeuza uso ukutani. Alikuwa na haki. Mama Tusekile alinisindikiza hadi nje, akasema, "Mwanangu, waliokosea ni wengi. Wewe umekuja."

Afadhali angenitukana.

Nesi Anna naye ameshawaambia wenzake kituoni kwamba mfumo una mwenyewe, wasiogope. Wananiangalia kama nguzo ya nyumba. Nguzo haiendi popote.

Nimewaandikia wa Dar kwamba siji. Sikuandika sababu. Nilipotuma nilisikia hasira, si utulivu. Bado ninayo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imepumzika. Tangu asubuhi nimekaa na Nesi Anna kwenye meza yake. Yeye anasoma kadi za wanawake, moja moja. Mimi simu mkono wa kushoto, kompyuta kulia. Jina, tarehe. Jina, tarehe. Zote zimelingana. Sitatuma tena kitu kabla sijakiona pande zote mbili.

Mchana tulikula ndizi za kupika na samaki. Akauliza kama kesho nitakuja tuhakiki na chanjo za watoto. Nikasema nitakuja.

"Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akarudi wodini.

Nimebaki mezani, dirisha wazi. Nje matone yanadondoka kutoka kwenye mikakao, moja baada ya jingine.