Sensa ya Gari la Mzee Shamsudin

Malvern, Toronto
Mwezi wa Nne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama pia shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri umsomee. Jicho lako linaendeleaje? Kaka Joseph ameniambia bandeji imetolewa na kwamba umeshaanza kuchungulia gereji ingawa daktari alikukataza. Nakuomba Baba, vumbi la Msamvu lisubiri kidogo. Sisi huku ni wazima. Theluji imekwisha, imebaki ile chafu kwenye kona za maegesho. Mkweo Elias yuko safarini na lori lake, amekwenda mpaka magharibi ya nchi na hatarudi karibuni. Watoto wanawasalimu. Nikiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno, ila majibu yanatoka kwa Kiingereza, nami nimechoka kugombana nao.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu nina habari ya gari, na habari ya gari wewe huitaki nusunusu.

Unakumbuka nilikwambia tulinunua gari kuukuu kwa jirani yetu, Mzee Shamsudin. Ni Mhindi wa Mwanza, kazaliwa pale, alikuwa na duka la spea za magari kabla hajahamia huku akiwa bado kijana. Macho yalipomzuia kuendesha akatuuzia sisi gari lake, lakini moyoni hajaliuza. Kila asubuhi ninapokwenda zamu naye anapanda, kwa sababu mke wake, Mama Zarina, yuko kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mama huyu kumbukumbu zimemtoka. Kiingereza kimepotea chote, Kigujarati kimebaki kidogo, kilichobaki kizima ni Kiswahili cha utotoni. Pale kazini hakuna mwingine anayemwelewa isipokuwa mimi. Anaomba uji, anauliza nani kafunga kuku. Mumewe hamtambui, anamwita “bwana mgeni”, lakini chai ya asubuhi hanywi mpaka bwana mgeni amshikie kikombe. Mzee asipofika, mama hali kitu hadi mchana. Na basi la kutoka kwetu mpaka kule ni la kubadilisha mara mbili, kwa magoti yale ya Mzee haliwezekani.

Sasa mwezi uliopita taa ya injini ikawaka. Gari linatembea vizuri tu, ila taa haizimi. Huku gari kuukuu haliongezewi stika ya namba mpaka lipimwe moshi, na taa ile ikiwaka hata hawalipimi, wanakurudisha. Nikalipeleka gereji moja. Kijana akaliinua, akaangalia kutu chini, akatikisa kichwa. “Dada, hili likauze chuma chakavu. Sipotezi muda wangu.”

Mzee Shamsudin alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Tukarudi naye nyumbani. Halafu akasema, “Yule hajui gari. Tutalitengeneza wenyewe.”

“Wenyewe ni nani, Mzee? Wewe huoni, na mimi kazi yangu ni kuogesha wazee.”

“Wewe si mtoto wa fundi?”

Baba, nikachukua tena funguo za gari.

Duka la spea wana kimashine wanachokuazima, unakichomeka chini ya usukani kinakuambia ugonjwa. Kikasema hita ya sensa ya oksijeni ya pili imekatika. Usicheke, si ile sensa ya kuhesabu watu. Magari yako ya kabureta hayana kitu hiki. Ni kama plagi, ina waya nne, imechomekwa kwenye bomba la ekzosi. Inanusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au hewa imezidi. Moja iko kabla ya lile kopo la kuchuja moshi, ambalo nasikia vijana wa huko wanaliita masega, na nyingine iko baada yake. Hita yake ndani ndiyo huipasha joto ianze kazi mapema.

Nikanunua sensa mpya. Siku yangu ya mapumziko tukaanza kazi mbele ya nyumba ya Mzee, yeye kwenye kiti na koti zito, kofia imefunika masikio, mimi nimevaa ovaroli ya Elias nimekunja miguu. Nikafungua boneti. Sensa ya kwanza inaonekana palepale juu, hata asiyeona vizuri anaiona.

“Hiyo hapo!” Mzee akasema. “Toa.”

“Mashine imesema ya pili.”

“Ya pili ukihesabu kutoka wapi? Kutoka nyuma, hiyo ndiyo ya pili.”

Tulibishana, Baba, hadi jirani wa upande wa pili akafungua dirisha. Mwishowe nikachomoa soketi ya waya ya hiyo ya juu nikailinganisha na mpya. Hazifanani. Moja ya mraba, nyingine bapa. Mzee akasema dukani wamenipa sensa isiyo yake. Nikairudisha soketi ya watu mahali pake, nikapiga jeki, nikaweka stendi pande zote mbili, nikatikisa gari kwa nguvu kama nilivyokuona ukifanya kabla ya kuingia chini. Nikaingia.

Baba, chini ya gari la huku siyo kama chini ya gari la Morogoro. Wanamwaga chumvi barabarani majira ya baridi, basi kila kitu kimekuwa rangi ya udongo mwekundu, kinamenyeka kama gome. Nikalifuata bomba kwa tochi mpaka kwenye masega, nikapita kidogo, na hapo nikaiona, imekaa peke yake, waya wake unapanda juu na kupotea ndani ya sakafu ya gari.

“Nimeiona!” nikapiga kelele. “Lakini waya unaingia ndani!”

Halafu nikasikia Mzee anacheka peke yake. “Zulia,” akasema. “Inua zulia la kiti cha mbele cha abiria. Miaka yote nimekalia waya huo sijui.”

Kweli, soketi ilikuwa chini ya zulia. Nikaichomoa, nikasukuma waya na mpira wake wa kuziba tundu la sakafu vitoke chini. Kilichobaki ni kuifungua sensa yenyewe, na hapo ndipo nililia. Ilikuwa imeshikana na bomba kana kwamba imechomelewa. Nikapulizia mafuta ya kutu, tukanywa chai. Nikapulizia tena. Nikawasha injini bomba lipate joto kidogo. Kuna soketi maalumu ya spana yenye mpasuko ubavuni ili waya upite, nikaivalisha, nikavuta. Wapi. Ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma.

Mzee akasema, “Pumzika binti, tutatafuta fundi mwingine.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikajua hafikirii gari, anafikiria kikombe cha chai.

Ndipo nikakukumbuka wewe na bomba lako. Ulikuwa unanifukuza gereji ukisema nitachafua sare ya shule, lakini dirisha la jikoni lilitazama kulekule, na nilikuwa nakuona ukivalisha bomba refu kwenye mkono wa spana boliti ikigoma. Mzee alikuwa na bomba la pazia la bafuni alilolitoa zamani, chuma kizito. Nikalivalisha. Nikajilaza chali, nikaegemeza miguu kwenye tairi, nikavuta taratibu bila kushtua. Ikalia paa! Nikadhani nimekata bomba la ekzosi. Nikabaki nimefumba macho kutu inaniangukia usoni.

“Umekufa?” Mzee akauliza.

“Imeachia,” nikasema.

Iliyobaki ilikuwa rahisi. Nikasafisha nyuzi za tundu la bomba, nikapaka grisi yake kidogo bila kugusa ncha, nikaianzisha sensa mpya kwa vidole mpaka ilipokaa sawa, ndipo nikaikaza. Nikapitisha waya, nikaunganisha, nikalaza zulia. Tukafuta lile kosa kwa kimashine. Taa ikazima na haikurudi.

Nikakimbilia kupima moshi kesho yake. Wakanirudisha tena! Ukifuta kosa, kompyuta ya gari inasahau kila kitu, wanataka ulizungushe kwanza mjini na barabara kuu lijikague lenyewe. Nilitaka kukasirika, lakini Mzee akafurahi kama mtoto. “Basi tuna ruhusa ya kutembea,” akasema. Akaenda kuomba ofisini kwenye nyumba ya wazee, nami nikaahidi kuwa naye muda wote, na Jumapili tukamtoa Mama Zarina.

Tukaelekea mashariki kwa barabara kuu, mwendo mmoja, wala sikuongeza wala kupunguza, ndivyo walivyoniagiza. Mama alikaa mbele na shali yake, Mzee nyuma. Karibu na mji mdogo wa Port Hope nikashuka kuelekea ziwani, nikasimamisha gari. Maji yalikuwa ya kijivu, na upepo mkali. Mama akayatazama muda mrefu. Nilidhani ataniuliza kama tumefika Mwanza, nikawa natafuta la kumjibu. Hakuuliza. Aligeuka nyuma, akamtazama Mzee kutoka juu mpaka chini.

“Shamsu,” akasema, “ondoa miguu kwenye kiti. Viatu vina matope.”

Mzee akashusha miguu haraka. Mama akaendelea kumfokea, kwamba amekonda, kwamba nani anamfulia mashati, kwamba kofia ile ni ya kuazima au vipi. Mzee anajibu, “Ndiyo Zarina. Hapana Zarina,” machozi yanamtiririka na anacheka. Mimi nikashuka nikaenda kujifanya nakagua tairi. Niliikagua sana ile tairi, Baba.

Tuliporudi jioni alikuwa bwana mgeni tena. Mzee anasema haidhuru, amefokewa vya kumtosha mwaka mzima.

Gari limepimwa, limepita. Stika nimeibandika mwenyewe. Yule kijana wa gereji nilipita kwake siku moja nikapiga honi, hakunitambua, lakini nilipiga.

Nisalimie Kaka Joseph na shemeji. Nisalimie Shangazi mkubwa, mwambie vitenge vilifika na nilivaa kimoja kanisani. Msalimie Bibi mzaa Mama, umsemeshe kwa sauti ya juu, na yule mama muuza vitumbua wa getini aliyekuwa ananikopesha. Elias atawapigia simu akirudi.

Mwezi wa Kumi na Mbili tunakuja, tiketi tumeshashika. Ninakuomba jambo moja tu, Baba. Niachie gari moja bovu pale gereji, usiliguse. Nataka ukae kwenye kiti, ule ugomvi wa ya kwanza na ya pili tuufanye mimi na wewe.

Wako anayekupenda, vidole vimeshapona,

Rehema