Feni Iliyonyamaza Mlimani

Kafue, 3 Septemba 1994

Mjomba wangu,

Kabla hata ya salamu nakuomba: isome barua hii peke yako, kisha itie motoni. Neno lolote lisitoke humu, hata kwa mama watoto. Dereva aliyekuletea hajui ndani kuna nini.

Sasa nakuamkia kwa kupiga makofi, kama ilivyo desturi yetu. Mguu ulioungua kwa maji ya rejeta unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haukai.

Baada ya siku kumi kuna kikao juu yako, na wewe huitwi. Likando, mkuu wa gereji, amemwambia meneja Bwana Mvula kwamba lori halikuwa na kasoro. Anasema wewe ndiye uliyepanda mlima wa Chirundu na shehena ya mbolea bila kutazama geji ya joto, ukaiua injini. Wakikubali, watakufukuza, na hakuna kampuni nyingine itakayokupa usukani. Mimi nimewekwa niandike yatakayosemwa. Nieleze ukweli, lakini jina langu usilitaje popote.

Mpwa wako,
Choolwe

Chirundu, 6 Septemba

Mpwa wangu,

Makofi yamepokewa. Mguu unapona, ngozi inabanduka kama ya nyoka. Mama yako hajambo huko Monze?

Barua nimeichoma, ila wewe una woga wa kuku mgeni mwenye kamba mguuni. Sikiliza. Feni ya lori haifungwi moja kwa moja kwenye injini. Katikati kuna klachi, kama sufuria iliyozibwa, ndani mna mafuta mazito kama asali. Usoni ina koili ndogo inayoonja hewa ya rejeta. Hewa ikiwa ya baridi, klachi inateleza na feni inazunguka kivivu, dizeli inaokolewa. Hewa ikipata moto, koili inajipinda, kitundu kinafunguka, mafuta yanaingia kati ya sahani na kuzishikanisha, na feni inanguruma hata aliyelala anaamka. Sisi madereva hatungoji geji. Masikio ndiyo geji.

Siku ile ngurumo haikuja. Kwenye tambarare upepo wa mwendo ulitusitiri. Mlimani, kwa gia ya chini, upepo utoke wapi? Sindano ilipopanda nilisimama papo hapo, lakini silinda hedi, kile kifuniko cha injini, ilikwisha kupasuka. Na Likando nilimwambia kabla ya safari kwamba feni imenyamaza. Aliisukuma kwa kidole, ikazunguka, akasema, "Nzima hii, nenda."

Udanganyifu ndio huo. Lori walilivuta hadi huko, limesimama nje ya dirisha lako. Injini ikiwa baridi, isukume feni. Ikiwa nzito na ikasimama upesi, mafuta yamo na mimi ndiye mwongo. Ikijizungukia kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, mafuta yamevuja, klachi imekufa.

Mjomba wako

Kafue, 8 Septemba

Mjomba,

Pole na mguu. Mama hajambo.

Ilizunguka. Niliiacha, ikaendelea kuzunguka. Kidole kilitoka na mafuta yaliyoganda na vumbi.

Likando aliniona. Akaniuliza tangu lini wanywa maziwa ya mgando wamekuwa wachunga feni. Nilicheka, maana yeye ni Mlozi na sisi ni Watonga, na mtani hakasirikiwi. Lakini nilirudi ofisini mbio. Mjomba, sitaweza kusema. Kazi hii ndiyo inayomlisha mama. Nisamehe, na hii uichome.

Mpwa wako,
Choolwe

Chirundu, 10 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu, na utulie. Nyamaza, usimnyang'anye dada yangu chakula. Wamenitumia karatasi nikiri kosa. Nimeirudisha bila sahihi, na aliyeileta nimemwambia: wanifukuze, lakini mkono wangu hauandiki uongo wao.

Mjomba wako

Monze, 19 Septemba

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa makofi, safari hii kwa sauti. Mimi mzima, na moyo umekaa.

Kikao kilihamia uani, ili Likando awaonyeshe wakubwa lori. Akaisukuma feni kwa kidole kimoja, ikazunguka, nao wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bwana Mvula akaniambia niandike kuwa feni ni nzima. Nikaiona karatasi yako isiyo na sahihi mikononi mwake. Kalamu ikagoma, Mjomba. Nikafungua mdomo kabla woga haujaniwahi.

"Mtani," nikamwambia Likando, "kwenu kwenye mafuriko, mtumbwi ukijiendea bila kasia, mnasema una afya?"

Mafundi wakacheka. Likando naye ikambidi acheke. Angekasirikia utani wangemzomea hadi lango la kutokea. Akaniuliza ng'ombe gani amenifundisha injini.

"Yule uliyempandisha mlimani bila feni," nikasema. "Sukuma na ya lori la pili hapo, tulinganishe."

Hakusogea. Bwana Mvula ndiye aliyekwenda. Aliisukuma ile ya lori zima, ikaenda robo mzunguko, ikasimama. Akarudi kwenye lako, ikazunguka, ikazunguka. Hakuna aliyecheka tena. Akamuuliza Likando kama dereva alimwambia. Likando akasema, "Aliniambia."

Kwa hiyo unarudi kazini, Mjomba. Mimi nimeondolewa: eti karani hapewi kikao akifanye ngoma ya utani. Walitaka niombe radhi. Nimekataa. Likando alinisindikiza hadi langoni, akasema atakuja na samaki kwenye matanga ya kazi yangu. Nikamwambia aje na mafuta ya klachi. Mama alinuna siku nzima, kisha akanipikia kuku.

Barua hii usiichome. Msomee mama watoto, wasomee madereva kwenye foleni ya mpakani. Ukitaka kunijibu, usiandike kwa ofisi. Mpe dereva yeyote anayekwenda Livingstone. Monze asimame kwenye duka la chakula cha mifugo mkabala na stesheni ya reli, amwambie mwenye duka ni ya Choolwe, mtu wa feni. Na bahasha usiigundishe.

Mpwa wako,
Choolwe