Kikombe cha Rajab

Walthamstow, London
11 Oktoba 1997

Mdogo wangu Miska,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha kila ngazi ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mwanao Zahra hajambo. Kanenepa kidogo, utasema namlisha vibaya.

Siku hizi nami nasoma chuo kikuu, tena bure. Zahra kapewa huko chuoni kwake riwaya za zamani za Kiingereza, basi mimi nikikuna nazi ananisomea kwa sauti, na pakinishinda ananifasiria. Nilidhani Waingereza waliandika mapenzi. Wapi. Kutwa wanaulizana: huyo kijana wa kwa nani, babu yake alikuwa nani, shamba lake likoje. Nikamwambia Zahra, "Hawa watu wa Wete hawa, wamevaa kofia tu." Alicheka mpaka kitabu kikamwanguka.

Tunachosoma sasa kina msichana wa nyumba kubwa anayempenda mtoto wa mtunza farasi wao. Siri yake anaijua shangazi yake peke yake, na shangazi kaenda kuitoa sebuleni huku anakunywa chai. Nilimlaani mpaka nikajikuna kidole badala ya nazi. Zahra akaniambia, "Mama mkubwa, ni kitabu tu."

Kuna kijana anaitwa Rajab, anasomea unesi, hunibebea vitu vya sokoni. Anakusalimu ingawa hakujui.

Dada yako,
Kijakazi


Wete, Pemba
9 Novemba 1997

Dada Kijakazi,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Sisi huku tunamshukuru Mungu, mvua za vuli zimekuja.

Barua yako nimeisoma. Kurasa mbili za farasi na shangazi, halafu mstari mmoja wa mwanamme anayeingia nyumbani mwako. Mimi vitabu sikusoma, lakini mstari najua kuuona.

Huyo Rajab ni wa kwa nani? Tangu babake Zahra afe, ami yake Harith ndiye walii wake wa kumwoza, na Harith anamtaka kwa mwanawe Matar. Nimewaomba wasubiri amalize masomo. Wewe ndiye somo wake. Nilimleta kwako hajavunja ungo, ukamfunda wewe, na siri zake zote ziko kwako. Nakuuliza kwa maziwa tuliyonyonya sote: kuna nini?

Mdogo wako,
Miska


Walthamstow
14 Desemba 1997

Mdogo wangu Miska,

Natumai hamjambo nyote. Mimi nakohoa, lakini hapa kila mtu anakohoa, hata basi.

Somo hana mdomo, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Lakini umenitajia maziwa ya mama.

Wanapendana. Wakimaliza mitihani kijana ataleta posa. Anasali, hanywi, na mchuzi wake umeushinda wangu. Nilimkaribisha chai nikamuuliza kama tunavyouliza sote, "Mwanangu, wewe wa kwa nani?" Hakutafuta maneno. "Mama, mimi mjukuu wa Feruzi. Babu alizaliwa uani kwenu."

Feruzi, Miska. Aliyekuwa akitubeba begani kwenda chuoni kusoma Kurani, kisha akala tukishakula sisi. Wazee wake babu yetu aliwanunua.

Kijana alipoondoka niliosha kikombe chake. Kisha nikajiona nakiosha tena. Mimi, niliyeitwa Kijakazi ili kifo kinidharau kisinichukue. Zahra alikuwa kasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alikipokea kile kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pake.

Shamba lilichukuliwa na Mapinduzi, nyumba nayo ikachukuliwa. Sisi tumebaki na babu wa huyu kijana tu, na hatutaki kumwachia. Nimekwambia haya ili umlainishe Harith polepole. Zahra asijue kuwa nimesema.

Dada yako,
Kijakazi


Wete
4 Januari 1998

Dada Kijakazi,

Ramadhani njema kwenu. Pole na kikohozi.

Nimelia, kisha nimenyamaza. Sina neno na kijana wa watu. Ila presha imenikamata, daktari kanikataza hata kusimama. Zahra aje kwa Idi, aniuguze wiki mbili, anieleze mwenyewe, nami nimpe radhi zangu. Usimwambie kuwa najua. Nataka nilisikie kinywani mwake.

Mdogo wako,
Miska


Walthamstow
25 Januari 1998

Mdogo wangu Miska,

Nakuombea afya. Barua hii itakukuta Zahra yuko kando yako, jana nimempandisha ndege. Rajab alitupeleka Heathrow kwa gari la kuazima. Mbele yangu hawakushikana hata mkono. Alimkabidhi sanduku kama anakabidhi yai. Kitabu kabakisha sura za mwisho, na kaniusia, "Usiendelee bila mimi, mama mkubwa."

Jambo moja linanikera. Mwandiko wako. Mistari imenyooka kama uzi wa fundi, hakuna hata herufi iliyotetemeka. Niliuona siku ileile barua ilipofika. Nikaikunja, nikaenda kununua tiketi.

Nijibu uniambie kuwa una mkono imara tu.

Dada yako,
Kijakazi


Wete
30 Machi 1998

Dada Kijakazi,

Alhamdulillahi, nimepona. Nawe natumai u mzima.

Zahra tumemwoza kwa Matar, na watu walijaa mpaka njiani. Pasi yake ya kusafiria anayo Harith, huko hana haja nako tena. Bi Nasim anakuja London, nimempa halua akuletee. Ni haki yako, bila wewe lisingekuwa. Zahra hajambo. Hasemi sana, lakini maharusi wengi hawasemi. Yule kijana mwambie aache kupiga simu.

Mdogo wako,
Miska


Walthamstow
3 Mei 1998

Miska,

Natumai hamjambo. Halua imefika. Iko juu ya kabati na kamba yake.

Rajab alikuja. Nilimweleza yote, pamoja na niliyokuandikia mimi. Alinisikiliza koti mwilini. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, nikutilie chai." Akasema amefunga. Mkononi alikuwa na chipsi zinatoa moshi.

Niandikie habari za Zahra. Au mpe kalamu mwenyewe.

Dada yako,
Kijakazi


Wete
17 Februari 2000

Dada Kijakazi,

Najua nimekaa kimya muda mrefu, na barua zako zote zilinifika. Hali yako? Mimi hali yangu si ya kusimulia.

Matar kamwacha Zahra. Mtoto wa kwanza alizaliwa hana uhai, wa pili hakushika, basi mwenzake kaenda kuoa Maskati. Zahra yuko chumba cha juu na hashuki. Watu wanasema. Na mwanamke aliyeachwa, unajua mwenyewe, hachagui.

Yule Rajab bado yupo? Kwa ulivyoandika alikuwa na tabia njema. Siku hizi dunia imebadilika, watu hawatazami asili. Muulize, ila kwa adabu, isionekane sisi ndio tunaomfuata.

Mdogo wako,
Miska


Walthamstow
12 Machi 2000

Miska,

Pole. Sina salamu nyingine ya kukupa.

Nimemwona Rajab. Sasa ni nesi kamili, anakaa Rayners Lane, hajaoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Zahra mwenyewe kasema nini?" Nikaipekua barua yako nzima, haina neno lake. Nikakumbuka kuwa barua zetu zote hazina. Tulimwandika kama mzigo unaopakiwa.

Panda juu ukamuulize. Mwambie kijana yupo. Mwambie kitabu kipo, sijakifungua. Mwambie somo wake alikuwa na mdomo, na anaomba radhi. Pasi idai kwa Harith, tiketi nitaleta mimi.

Dada yako,
Kijakazi


Wete
9 Aprili 2000

Dada Kijakazi,

Natumai barua hii itakukuta mzima.

Nimepanda juu. Nimemwambia yote, la kijana, la kitabu, na la radhi. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Nikadhani hatajibu, maana tangu Idi sijaisikia sauti yake. Nilipofika mlangoni akasema, "Mwulizeni mama mkubwa, kikombe kimetakata?"

Kisha akachukua nguo nyingine, akaikunja.

Kikombe gani, dada? Mimi sikumbuki kikombe. Nijibu upesi. Harith kaleta posa nyingine, ya mzee mmoja wa Mkoani, na anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Mdogo wako,
Miska