Sifa za Mama Jordan

Jumatatu, 4 Agosti
Mwenzangu wa ofisini, Hana, siku hizi kazi hafanyi. Kutwa anatazama kigemu kipya cha mkononi mtandaoni — skrini pana, vitufe huku na huku, kinaingia kwenye pochi. Anataka kumnunulia mwanawe. Maoni chini ya tangazo ni sifa tupu: betri inakaa, huduma safi, mzigo umefika salama. Umefika vipi? Muuzaji mwenyewe jana kaandika mzigo bado uko bandarini! Hana akasema nina gubu. Sawa. Lakini watu wanasifu betri ya kitu ambacho hakijashuka melini.

Jumanne, 5 Agosti
Jioni nimemsimulia Wambura. Kacheka. Amesema Hana anunue tu, maoni yote yale hayawezi kuwa ya uongo. Mbona anakitetea? Mchumba wangu huyu hata karata hachezi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeyasoma yote. Anayesifu kuliko wote ni mtu anajiita Mama Jordan. "Kiukweri betri rinakaa, mwanangu harari!"

Kiukweri!

Wambura ni Mkurya, L kwake ni R, hata akiandika. Meseji aliyonitongozea ilianza hivyohivyo: kiukweri Debora. Nilicheka mpaka nikampenda.

Basi, Wakurya wako wengi. Mama Jordan anaweza kuwa mama wa watu, huko kwake Tarime. Najitafutia presha bure, na Jumamosi wazee wa Wambura wanaleta posa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane, hakuna kazi. Wambura kanipeleka Nzuguni kwenye maonyesho. Tulipokaa kula mishkaki nikafungua akaunti nyingine, najiita Hamida. Nikamwandikia Mama Jordan: dada, hakiingii vumbi? Sisi tuko Dodoma.

Simu ya Wambura ikalia palepale mezani. Akaandika kwa kidole kimoja huku anatafuna. Yangu ikatetemeka mapajani.

"Hakiingii dada, nunua bira wasiwasi."

Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema mambo ya kazi tu.

Kazi! Kumbe ile kazi yake ya mtandaoni, asiyowahi kunieleza, ndiyo hii: kulipwa asifu. Nilimalizia mishkaki yangu. Hana nimeshamwambia asinunue. Hasira ilinipanda — halafu nikajituliza. Kusifu kigemu si kuua mtu. Watu wanatafuta riziki.

Jumamosi, 9 Agosti
Wageni wamefika. Nimejifungia chumbani. Kwetu posa haipokelewi mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wazee kama anamfahamu kijana.

Usiku jina la Mama Jordan lilinikaa kichwani. Nimeliona wapi? Sasa hivi nimerudi kwenye picha zangu za zamani. Hii hapa — mimi na Wambura, Pasaka ya mwaka jana. Niliiweka mtandaoni, nikaandika chini yake kwamba nimeshaamua kumwacha. Shangazi alikuwa ameniambia kijana haeleweki. Lakini wanawake nisiowajua walinisihi, wee! Nikalia, nikabadili mawazo. Tena nikamsomea shangazi maoni yao ili anyamaze!

"Usimuache huyo kaka, dada. Ni mtu wa kuaminika."

Mama Jordan. Na chini yake wengine, kina mama watupu. Nawasoma mmoja mmoja, natafuta R. Huyu ana R. Huyu hana, na bado simwamini.

Nilimpenda nani mimi?

Shangazi anagonga. Hajui lolote, amevaa kitenge kipya, sauti ina furaha.

"Debora, toka mwanangu. Wazee wanataka useme kama unamfahamu."