Mama Anataka Kushuka Mto

3 Machi

Mama, shikamoo. Mimi sijambo, ila jua la huku linatukaanga. Barua yako nimeirudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Kweli unataka kushuka nasi mto? Mama, hapa ni jangwa! Kuta za mawe huku na huku, katikati maji yanakimbia kama yamechelewa harusi. Siku nne kwenye boti la mpira, na kulala mchangani. Na wewe hata kuogelea hujui.

Binti yako

20 Machi

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika. Kuogelea kunafundishwa. Jumamosi nafunika cherehani mapema, naenda bwawani na watoto wa shule. Wananiita Bibi Chura.

Ile nafasi ya kazi ofisini aliyokutafutia mjomba wako bado ipo, nawe kila nikikuuliza kimya. Basi nakuja mwenyewe nione huo mto unaoninyima mtoto. Nibebe nini?

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo, Bibi Chura! Beba kofia yenye kamba, viatu visivyochomoka miguuni na shati la mikono mirefu. Utakaa mbele yangu, nikuone.

Siku ya tatu kuna poromoko la maji tunaliita Kinu, maana linatwanga. Asiyetaka kulishuka hupita kwa miguu juu ya mwamba. Nakuomba upite juu. Usibishe, Mama. Huku nahodha ni mimi.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu mpenzi, nimefika nyumbani salama. Mwili wote unauma, hadi kope.

Uliniuliza mbona nilinyamaza baada ya Kinu, nikasema nimechoka. Nilikudanganya. Kule juu niliona boti lako likiingia kwenye povu, likapotea. Nikakuita, mto ukaimeza sauti. Mara mkaibuka kule chini, umelowa chapachapa, kasia juu, unacheka. Kile kicheko chako cha kushika mbavu! Sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika baba yako. Hapa nyumbani ulikuwa ukitabasamu tu, kwa ajili yangu.

Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Wenzangu wakadhani limeniunguza.

Nafasi ya ofisini nimemwambia mjomba wako ampe mwingine. Amenuna, lakini yatamwisha. Wewe baki huko, mama. Ila maji yakipungua, njoo unisalimie.

Mama yako