Mnada wa Miezi

Jumatatu, 3 Machi

Wamebandika tangazo kwenye mlango wa stoo ya barafu. Serikali inataka ziwa lifungwe miezi minne kila mwaka, samaki wazaane. Wananchi tunaalikwa ukumbini Jumamosi kutoa maoni kabla kanuni haijapitishwa.

Miezi minne! Mimi kazi yangu ni kukaanga samaki. Miezi minne nikaange nini — upepo? Si kwamba sioni hali ilivyo. Samaki wa siku hizi ukimgeuza kwenye karai, humwoni tena. Ziwa lipumzike, sikatai. Miezi miwili tutavumilia. Minne tutakufa.

Nimemwambia Baba Watoto aseme yeye. Si ndiye dalali wa mnada wa samaki hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha? Sauti yake inasikika mpaka ng'ambo. Akasema sawa. Kisha akakosa hamu ya kula.

Jumatano, 5 Machi

Makubwa! Mume wangu hawezi kuongea mbele za watu. Mtu anayepayuka tangu alfajiri, kumbe nje ya mnada ni bubu!

Tumefanya mazoezi sebuleni. Mimi nikawa afisa uvuvi, nimevaa miwani ya mama mkwe. Haya ndugu mwananchi, toa maoni. Akasimama. Akakohoa. Akaomba maji. Akaenda chooni, na kutoka huko akapitiliza kwenda kulala.

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni dada yake Baba Watoto, mwaloni wanamwita Mama Beseni. Hapendi kushindwa na mtu, hasa mimi. Wiki iliyopita mnadani nilitaja bei ya kambare mmoja, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha, huku ananitolea macho. Nikamchukua kambare kwa bei ya mbuzi. Sijuti.

Ila kwenye hili la ziwa tuko kitu kimoja. Na yeye anataka miwili.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi tena. Amefika "Ndugu afisa". Ni maendeleo.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Wavuvi, wachuuzi, mafundi wa nyavu, wote. Afisa uvuvi ni kijana mpole, shati limenyooshwa kwa pasi. Akasema kanuni ni yetu, tuseme bila woga. Pendekezo ni miezi minne. Nani ana maoni?

Nikamfinya Baba Watoto. Akasimama. Wakampa maiki.

Lo! Ile kuishika tu, akabadilika. Kidevu juu. Mguu mmoja juu ya kiti.

"Minneeee! Ipo minne hapa! Minne mara ya kwanza! Nani anaongeza?"

Mungu wangu. Ukumbi mzima ukaamka. Sauti ikatoka nyuma: "Minne na nusu!" Wifi akaruka: "Mitano!" Akageuka kunitazama. Yale macho ya siku ya kambare.

Naapa nilikwenda pale kutafuta miwili. Lakini mkono ulinyanyuka wenyewe.

"Sita!"

"Sita na nusu!" — wifi huyo.

"SABA!"

Baba Watoto akagonga meza. "Saba mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Imekwenda kwa Mama Watoto!"

Wakapiga makofi. Nami nikainama, nashukuru! Nilishaanza kutafuta beseni la kubebea mzigo wangu ndipo ukumbi ukapoa. Watu wakaanza kutazamana.

Afisa uvuvi alikuwa karibu kulia kwa furaha. Alikuja na minne akihofia tutampiga, kumbe wananchi tunawapenda samaki kiasi hiki. Katibu akaniuliza jina, aandike mtoa hoja. Nikampa. Nikamtajia herufi moja moja, asikosee.

Baba Watoto akarudi kukaa, uso unang'aa. Akaninong'oneza eti, umeona? Sikukohoa hata mara moja.

Jumapili, 9 Machi

Mwaloni hawanisalimii. Mwendesha mtumbwi mmoja ameniuliza kama ndani ya mtumbwi mchicha unaota.

Wifi anasema kosa ni langu, kwa nini sikumwachia sita na nusu yake? Nikamwuliza na yeye kwa nini hakuiacha minne. Tumenuniana.

Nimecheka na wanaocheka. Ila jioni nikisugua karai nililia. Miezi saba litaning'inia ukutani. Naogopa kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda ofisini kufuta maoni yangu. Hayafutiki! Afisa uvuvi anasema ni sauti ya umma. Ila Ijumaa kuna kikao cha kuthibitisha, na hapo mtu anaweza kutaja idadi nyingine. Ikipita hapo, basi imepita.

Wifi kaja usiku, tumepatana. Mpango ni huu: nasimama, nasema miwili, ukumbi mzima unanyamaza. Baba Watoto haguswi na maiki. Tumeapa wote, mpaka mama mkwe.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari gotini, la sivyo nitapasuka.

Nimesimama. Nimesema miwili. Nimekaa.

Kimya! Hata kikohozi hakuna. Jamani, nawapenda watu hawa.

Afisa uvuvi anatabasamu. Miwili, anasema. Kuna mwingine?

Hakuna. Wifi amekalia mikono yake yote miwili. Baba Watoto anatafuna kola ya shati.

Narudia, anasema afisa. Miwili, mara ya pili.

Ee baba, kwa nini ahesabu hivyo! Usihesabu hivyo!

Wifi ameutoa mkono mmoja. Anajikuna shingo. Ananitazama. Macho yale yale!

Mwandiko umeharibika kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nimeukalia.

Afisa anavuta pumzi. Anasema, mara ya ta—

Wa kulia umetoka.