Jogoo wa Bwana Mkubwa

Kwa mke wangu Mama Mashaka, huko Tabora,

Pokea salamu zangu, wewe na magoti yako. Bado yanauma, au yamepona kwa kuwa sipo wa kulalamikiwa? Mimi mzima, nala, nalala, ila kichwa kimevurugika. Binti yetu Zuhura akusomee taratibu, na asicheke kabla yako.

Ile kazi niliyoipata Dar es Salaam ndiyo hii: kukaa nyumba moja na vijana wa Kizungu, hapa mtaa wa Gerezani, kiangazi chote, nikizungumza. Basi! Wamekwisha kumaliza vyuo vikubwa kwao, wana ndevu, nao hunifuata wakiuliza, "Mzee Juma, hii nini?" Sufuria, bwana. "Na hii?" Sufuria nyingine. Sharti la nyumba ni Kiswahili tu. Atakayetamka Kiingereza hanywi chai siku ile. Mimi niliungua kidole nikapiga kelele Kinyamwezi, na chai yangu ikamwagwa. Nimekuja mjini kunyimwa chai kwa sababu ya lugha ya mama yangu!

Sasa sikiliza. Alikufa Pazi, yule Mzaramo muuza kahawa wa Kariakoo, mtani wangu. Vijana wakanifuata msibani, maana wameambiwa wanifuate kila mahali. Jeneza lilipotoka mlangoni nikajilaza chini mbele yake, kama ilivyo haki yetu Wanyamwezi. "Hapiti huyu! Kahawa yake imeniunguza matumbo. Hapiti mpaka nilipwe jogoo!"

Mjane akajibu toka ndani, "Mpeni upesi Mnyamwezi huyo, asije akamla marehemu!" Akacheka huku analia. Nikapewa jogoo, Pazi akapita.

Kijana mmoja, tunamwita Bwana Shingo, alitazama yote kwa makini. Hakuniuliza neno. Laiti angeuliza!

Juma lililopita ikaja simu kwa Bwana Mkubwa, mwenye kuongoza nyumba hii: mama yake amefariki Ulaya. Vijana wakaingia kumpa pole, wamenyooka kama milingoti. Bwana Shingo alipoingia akajilaza sakafuni na suruali yake nyeupe. "Hapiti mama huyu! Hapiti mpaka nilipwe jogoo!" Kiswahili safi, Mama Mashaka, hata mimi pale mlangoni nilijivuna kidogo.

Bwana Mkubwa akawa mwekundu kama pilipili. Akafoka Kiingereza, na hakuna aliyethubutu kumnyima chai. Kisha akasema, "Huyu atarudi kwao kwa meli ijayo. Nani kamfundisha?"

"Hakufundishwa, bwana, aliona," nikasema. Nikamweleza kuwa mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka maiti, ili wafiwa wapate pa kupumulia.

"Toka," akaniambia.

Nikatoka, nikafunga mzigo wangu. Shingo naye akafunga wake, analia, ananiuliza mbona Pazi alipita na mama huyu hakupita.

Asubuhi mpishi akatuletea jogoo hai, kafungwa miguu. "Bwana Mkubwa anasema, mama yake apite." Mezani Bwana Mkubwa, macho yamevimba, akamwambia Shingo, "Kaa. Kunywa chai." Habari ya meli ikaishia hapo.

Ndipo nilipovurugika. Aliyelipa jogoo amekuwa mtani. Na watani huchukuliana mali bila kuombana, wala hawakasirikiani. Hawa Wazungu wamechukua hata bandari. Je, utani ulianza zamani na sisi hatukuambiwa? Na kama ndivyo, mbona mimi nikichukua sukari yao kidogo wanakasirika?

Jogoo yuko uani, Shingo anamlisha mchele. Nikimchinja, nimekubali utani na Wazungu. Nikimrudisha, nimemzuia njiani mama wa watu, naye hakunikosea kitu. Wewe mwenye akili niambie.

Nisalimie shemeji mfua chuma, na mama mkwe, umwambie bado sijafa, asifurahi. Zuhura msomaji naye, ashike adabu.

Ni mimi mumeo, kisu mkononi, mzigo bado haujafunguliwa,

Juma, baba Mashaka